Sumaku ya spika, TV ya chogo na kofi la mjomba

Kofi lilitua kisogoni kabla hata sijasikia mtu ameingia. Nilikuwa na miaka 12, kibanda cha mjomba kiko nyuma nyuma ya soko la Mbuyuni hapa Moshi, na mkononi nimeshika sumaku ya spika, ile duara nyeusi yenye tundu katikati kama donati. Mbele yangu kuna TV ya chogo inchi 21 ya mteja, imeshapona, inasubiri tu mwenyewe aje jioni. Nilikuwa nimegundua kwamba ukisogeza sumaku kwenye kioo rangi zinahama, mtangazaji wa habari anakuwa wa kijani afu zambarau afu kichwa kinavutika kwenda pembeni kama chapati inayosukumwa, na mi nacheka mwenyewe kama mwehu. Shida ilikuja nilipoitoa sumaku. Kijani kikabaki. Kona ya juu kulia, doa la ukubwa wa kiganja, halitoki hata nikifuta kwa shati (ndio, nilifuta kwa shati).

"Hii TV ni ya mwalimu," mjomba akasema. "Na mwalimu anakuja saa kumi na moja."

Hapo ni saa tisa na kitu. Akainama chini ya meza akatoa koili moja kubwa ya mduara, kama usukani wa lori, waya mwembamba wa shaba umezungushwa mara mia kadhaa afu ukafungwa na tepu nyeusi, una plagi na swichi ya kubonyeza. Alikuwa ameisuka mwenyewe. Akachomeka, akabonyeza, koili ikaanza kunguruma mmmmm, picha kwenye kioo ikawa inatetemeka kama shuka kwenye kamba siku ya upepo. Akaizungusha polepole mbele ya kioo, afu akaanza kurudi kinyumenyume, bado ameibonyeza, hatua moja moja, mpaka akatoka mlangoni, mpaka waya ukaisha, wamama wa genge la nyanya wanamwangalia, ndo akaigeuzia pembeni na kuachia swichi. Doa limeondoka. Mtangazaji karudi kwenye rangi yake. Akaniambia ungeizima ukiwa karibu na kioo ungeharibu zaidi, lazima uondoke taratibu, sumaku ipungue yenyewe kama mtu anayelala.

Nilisahau hata kama nimepigwa. Nikamuuliza, mjomba, kwani sumaku inavuta picha? Akajibu huku anakunja waya: "Picha haivutwi. Kinachoguswa ni elektroni. Na hata hiyo haivutwi, inakatishwa kona."

Imenichukua kama miaka kumi kuelewa hiyo sentensi ya mwisho, na shule nilikuwa naenda kila siku.

Sasa waliozaliwa na flati hawajui haya mambo, acha nieleze kidogo. Lile chogo halikuwa pambo. Ndani ni chupa ya kioo kinene iliyofyonzwa hewa, mbele pana, nyuma ina shingo nyembamba, na kule mwisho wa shingo kuna kiwaya kinachowaka chekundu, ukizima taa ya kibanda unakiona kabisa. Kazi yake ni kupasha moto kikopo kidogo cha chuma mpaka elektroni, vile vichembe vidogo mno vya umeme, zianze kuchomoka juu yake kama mvuke kwenye sufuria. Zikishachomoka zinazubaa tu hapo hapo, hazina pa kwenda. Ndo flaibaki inaingia. Flaibaki ni ile transfoma nyeusi yenye waya mnene unaoishia kwenye kofia ya mpira, kofia yenyewe imebana mgongoni mwa tyubu, na kwa TV ya rangi ya saizi ile hapo panatoka volti kama 25,000. Elektroni ina chaji hasi, huku mbele kuna volti 25,000 chanya, unategemea itafanyaje? Itakimbia.

Na inakimbia kweli. Uzito wa elektroni moja ukiuandika kwa kilo unaweka nukta, afu sufuri 30, ndo unakutana na tarakimu ya kwanza, kwa hiyo hiyo volti inaipeleka mpaka kama kilomita 90,000 kwa sekunde, asilimia 30 ya mwendo wa mwanga. Moshi hadi Dar ni kama kilomita 550, basi linakula siku nzima, hii kitu ingeenda zaidi ya mara 150 ndani ya sekunde moja. Tena ukipiga hesabu kwa kanuni ya kawaida ya form four, ile ya nusu ya uzito mara mwendo kwa mwendo, unapata kama 94,000, imezidi, kwa sababu kwa mbio hizo Einstein ameshaanza kudai chake (ukikaribia mwendo wa mwanga, kuongeza mbio kunazidi kuwa kugumu). Yani TV ya sebuleni kwa mwalimu, inayoonyesha taarifa ya habari na mechi ya Simba, hesabu zake hazikamiliki bila Einstein. Siku nilipoigundua hiyo nipo chuo nilifunga daftari nikatoka nje kupunga upepo.

Mjomba hakuwa na habari na Einstein ila ile volti alikuwa anaiheshimu kuliko mchungaji. Tyubu inatunza chaji kama kapasita, hata TV ikiwa imezimwa tangu jana, kwa hiyo kabla ya kugusa ile kofia ya mpira anachukua bisibisi ndefu, ameifunga waya mpaka kwenye ile kamba ya waya iliyolala mgongoni mwa tyubu, mkono mmoja anautia mfukoni, afu anapenyeza ncha chini ya mpira taratibu... TAH! Mlio kama wa kiboko. Mkono mmoja mfukoni, kila mara, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Hilo nilifundishwa kabla hata ya kufundishwa kushika risasi ya kuchomelea.

Sasa, elektroni zote zikikimbia moja kwa moja utapata kitone kimoja kinang'aa katikati ya kioo, basi. Ili upate picha inabidi ule mstari wa elektroni ufagie kioo kizima, kushoto kulia, juu chini, na hiyo ndo kazi ya yoki. Yoki ni koili zilizokaa shingoni mwa tyubu kama kola ya shati. Jozi moja inapeleka mstari kushoto kulia mara 15,625 kwa sekunde, jozi nyingine inashusha na kupandisha mara 50, kila mizunguko miwili unapata picha moja ya mistari 625 na jicho lako linadanganyika kwamba hiyo ni sura ya mtu.

Wateja wabishi mjomba alikuwa anawajibu hivi: flaibaki ni injini, yoki ni usukani. Kama Hiace haiondoki usinilalamikie usukani.

Nimesoma vitabu vingi vya fizikia baadaye na sijaona palipoelezwa vizuri kuliko hapo, kwa sababu ndo tofauti yenyewe ya nyuga mbili, wa umeme na wa sumaku (uga ni eneo ambalo nguvu ya kitu hicho inafika). Uga wa umeme unaisukuma elektroni kuelekea chaji chanya, iwe imesimama au inatembea, na ikisukumwa mgongoni inaongeza mbio, yani inapewa nishati. Uga wa sumaku hauko hivyo. Kwanza ukiikuta elektroni imesimama hauna habari nayo kabisa. Ikianza kutembea ndo unaigusa, na kadri inavyokimbia ndo unaigusa kwa nguvu zaidi, ila kila mara unaigusa ubavuni. Siyo mgongoni, siyo kifuani, ubavuni, na ikishakata kona ubavu nao umegeuka na kani imegeuka nayo. Kwa hiyo inapinda, inapinda, na kama uga ni mkubwa wa kutosha itazunguka duara na kurudi ilipotoka, ila mwendo ni ule ule, haujaongezeka hata chembe.

Ushahidi ulikuwa unaletwa kibandani kila wiki. Kuna ugonjwa mmoja wa TV za chogo ulikuwa wa kawaida sana, unawasha unakuta mstari mmoja mweupe umelala katikati ya kioo na juu na chini giza. Hapo usukani wa juu-chini umekufa. Lakini angalia ule mstari, unang'aa mpaka unaumiza macho, kwa sababu elektroni zote zilizokuwa zinagawana kioo kizima zinapiga sehemu moja na zinakuja na nguvu ile ile. Mjomba alikuwa anakimbilia kupunguza mwanga haraka, vinginevyo unaunguza ile dawa ya ndani ya kioo na kovu linabaki milele. Usukani umekufa, injini iko palepale.

Na mimi pamoja na kuyaona yote hayo kwa macho, form three nikaja kupata sufuri. Tulifundishwa ule mkono wa kushoto, dole gumba, cha shahada na cha kati, darasa zima tumeinua mikono tumeipinda kama watu waliovunjika, kidole hiki uga, hiki mkondo, hiki kani. Swali likaja: elektroni inaingia kwenye uga wa sumaku, nishati yake inakuwaje? Nikaandika inaongezeka. Si imesukumwa bana! Jibu lilikuwa haibadiliki, na hakuna mtu aliyeeleza kwa nini, tulipewa masahihisho ubaoni tukanakili tukaenda kula ugali. Afu kuna ule mtego mwingine, kwamba mkono unafuata mkondo wa chaji chanya, wakati elektroni zinaenda upande wa pili, kwa hiyo kwenye elektroni jibu unaligeuza. Hiyo lawama ni ya Benjamin Franklin, karne ya 18 huko alichagua ipi iitwe chanya na ipi hasi bila kujua kinachotembea kwenye waya ni kipi, akabahatisha, na sisi ndo tunapindisha vidole mpaka leo.

Aliyezifumania elektroni ni J.J. Thomson, Cambridge, mwaka 1897, na kifaa alichotumia kwa kweli ni babu wa ile TV ya mwalimu. Bomba la kioo, hewa imefyonzwa, mionzi inatoka upande mmoja na kupiga upande wa pili panang'aa. Watu walikuwa wanabishana kama ile mionzi ni mawimbi au ni vitu. Hertz, yule yule wa mawimbi ya redio, alishajaribu miaka kama kumi na tano nyuma kuipindisha kwa uga wa umeme ikagoma, akaona basi haina chaji. Kumbe bomba lake lilikuwa na hewa imebaki, hewa inapigwa na ile mionzi inakuwa inapitisha umeme, inaziba uga wote. Thomson akapata bomba lililofyonzwa vizuri zaidi, mionzi ikapinda.

Afu akafanya ujanja mmoja mzuri sana. Akaweka umeme unaosukuma mionzi chini, na sumaku inayosukuma juu, akacheza na nguvu zake mpaka mionzi ikapita katikati imenyooka kama hakuna kitu. Zikishalingana hivyo, huhitaji kujua chaji wala uzito: ukigawa uga wa umeme kwa uga wa sumaku unapata mwendo, hapo hapo. Kwa sababu kani ya umeme haijali mwendo na ile ya sumaku inajali, kuna mwendo mmoja tu ambao zinatoana suluhu. Ukishajua mwendo, unaondoa kimoja, unapima mionzi imepinda kiasi gani, unapata chaji kwa uzito. Akakuta hicho kitu, ukikilinganisha na chaji yake, ni chepesi zaidi ya mara elfu kuliko atomu ya haidrojeni ambayo ndo nyepesi kuliko zote. Kitu kidogo kuliko atomu. Mwaka 1906 wakampa Nobel.

Ila kinachonifurahisha mimi ni kwamba Thomson mikono yake ilikuwa mizito, alikuwa mtu wa kuvunja vitu maabara. Mabomba aliyapuliza fundi wake, Ebenezer Everett. Yani lile tatizo la hewa lililomshinda Hertz, aliyelitatua kwa mikono ni fundi. Nilimsimulia mjomba hii habari akacheka, akauliza, "Na yeye alipewa hiyo zawadi?" Nikamwambia hapana. Akasema sawasawa, hata mimi TV ya mkuu wa mkoa nilitengeneza kupitia kwa mtu.

(Kama unajiuliza kwa nini TV haikutumia sahani za umeme kupinda mstari wakati Thomson aliweza: maabara wanazitumia, kwenye osiloskopu, kile kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Ila elektroni ikishapewa volti 25,000 inapita katikati ya sahani haraka mno, kuipinda mpaka kona ya kioo ungehitaji volti za kutisha au chogo la kufika jikoni. Sumaku ina faida kwamba elektroni ikikimbia zaidi na yenyewe inasukuma zaidi. Ndo koili ikashinda.)

Nirudi Moshi. Siku moja akaja mama mmoja wa Rau, TV yake nyumbani ina zambarau kwenye kona, akiileta kibandani haina shida. Imeletwa mara mbili. Mara ya tatu mjomba akasema twende, tukapanda kifodi na begi la vifaa. Tumefika akaiangalia, akauliza hii TV ilikuwa imekaa hapa siku zote? Mama akasema hapana, tumehamisha kabati, zamani ilikuwa ukuta ule. Mjomba akaibeba na chogo lake akaigeuzia ukuta wa zamani, ikiwa inawaka. Zambarau ikafifia mbele ya macho yetu. Yule mama akashika msalaba wake shingoni.

Hakuna uchawi. Dunia yenyewe ni sumaku, na hapa kwetu uga wake ni kama mikrotesla 33, sumaku ya spika ukiigusisha inauzidi maelfu ya mara. Lakini nimekuja kupiga hesabu ukubwani: elektroni ya volti 25,000 ikikata uga huo kwa pembe mraba inachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 16 hivi. Unaona kubwa, ila ndani ya tyubu inasafiri kama sentimita 35, na katika sentimita hizo inakuwa imekengeuka karibu milimita 4. Vitone vya nyekundu, kijani na bluu kwenye kioo vimepangwa kwa vipande vya chini ya milimita moja. Pembe ya kuingilia ikibadilika kidogo tu, elektroni ya rangi moja inadondokea nyumba ya jirani. Huku karibu na ikweta uga wa dunia umelala zaidi kuliko ulivyosimama, unaelekea kaskazini, kwa hiyo elektroni inayorushwa kuelekea mashariki inasukumwa chini, ya magharibi inasukumwa juu, ya kaskazini au kusini inaguswa kidogo tu. Ukigeuza kabati umegeuza kila kitu. Kinachookoa ni kwamba ndani ya TV kuna koili yake ndogo, ule mlio wa duuung ukiwasha, inalainisha sumaku ya vyuma vya ndani vizoee upande mpya. Ya yule mama haikuwa inalia. Posista, kidude kinachoipa koili hiyo umeme wakati wa kuwasha, imekufa. Kikabadilishwa kile kidude, ukiwasha duuung, amani ikarudi Rau.

Hiyo sumaku ya dunia ndo inafanya pia tusione zile taa za kijani za angani wanazoona Norway. Zile nazo ni elektroni, za volti elfu kadhaa, nguvu za TV ndogo tu, zinagonga oksijeni zaidi ya kilomita 100 juu. Ila haziwezi kukata mistari ya sumaku ovyo, zinaizunguka zunguka kama mpesheni unavyopanda waya, na mistari yenyewe inashuka ardhini kule karibu na ncha za dunia. Kwetu imepita juu imelala kama kamba za kuanikia. Kwa hiyo Kilimanjaro na theluji yake yote haiwezi kushindana na Norway kwenye hilo.

2013 matangazo ya analojia yakazimwa Moshi na Arusha, watu wakanunua vingamuzi, wengi wakaona bora kununua flati kabisa. Chogo zikaanza kuonekana zimetupwa kwenye makorongo au zimefanywa viota vya kuku. Mjomba hakulalamika sana, akahamia simu na redio za magari. Mi nikawa nimeenda chuo, na huko ndo nikakutana na elektroni za aina nyingine, za ndani ya waya, ambazo zilinishangaza kuliko za TV kwa sababu hazikimbii kabisa.

Ampia moja kwenye waya wa shaba wa milimita mraba moja na nusu, elektroni zinasogea kama sehemu ya 5 ya 100 ya milimita kwa sekunde. Sentimita 18 kwa saa! Konokono anazipita akiwa anasinzia. Na huo ni umeme wa betri, unaoenda upande mmoja. Wa ukutani unabadilika mbele nyuma mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo elektroni inatingishika hapo hapo kwa umbali ambao hata hadubini ya shule haiuoni. Maana yake hakuna elektroni hata moja iliyowahi kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu ikafika Majengo. Kinachofika ni uga. Wachaga wenzangu wenye mfongo shambani, ule mfereji wa kumwagilia, wanaelewa haraka: mfongo ukiwa umejaa, ukifungulia kule juu, chini maji yanatoka muda huo huo, ila siyo maji yale uliyoyafungulia.

Sasa hata zikijikokota hivyo, ukiweka sumaku juu ya waya bado zinakata kona. Zinaenda kulundikana ukingo mmoja wa waya, ukingo wa pili unabaki na upungufu, na kati ya kingo mbili unapata volti kidogo. Aliyeiona ni Edwin Hall, mwanafunzi wa Marekani, mwaka 1879, kwenye kipande cha dhahabu nyembamba kama karatasi kilichobandikwa kwenye kioo. Maxwell, mkubwa wao wote, alikuwa ameshaandika kwamba sumaku inasukuma waya wenyewe, siyo umeme ulio ndani yake. Hall akasoma akaona haimuingii akilini. Kijana wa watu, na elektroni yenyewe bado miaka 18 ifumaniwe!

Kwenye shaba hiyo volti ni ndogo sana kwa sababu elektroni ni nyingi mno na zinatembea taratibu. Kwenye vitu kama vya transista elektroni ni chache, kwa hiyo ili mkondo uwe ule ule lazima zikimbie, na zikikimbia sumaku inazigusa zaidi, volti inaonekana. Ndo vile vidude vyeusi vya Hall vya kuhisi sumaku, vya miguu mitatu, vidogo kama punje ya mahindi, siku hizi viko kila mahali.

Mwaka jana binamu yangu akanunua pikipiki ya umeme. Miezi mitano hivi, ukipiga resi haitikii, mara inatikia mara inalala. Akaipeleka kwa mjomba, na mi nilikuwa nimekuja likizo, tukaipandisha stendi ya kati pale pale nyuma ya Mbuyuni. Mjomba sasa ana miwani mizito na mkono unatetemeka kidogo asubuhi, ila testa anaishika vile vile. Wakati anafungua skrubu akanitega: "Mjomba, we si ulisema sumaku haimwongezei elektroni nguvu. Haya, gurudumu hili lina sumaku kibao ndani na linabeba watu watatu kupanda Kibosho. Linasukumwa na nani?"

Aisee hilo swali lilinishinda mwaka mzima chuoni. Nikamweleza nilivyoelewa: elektroni ziko ndani ya waya wa koili, sumaku inazisukuma ubavuni, zinataka kutoka nje ya waya haziwezi, zinalundikana ukingoni kama alivyoona Hall, na ule mlundikano una uga wa umeme unaovuta atomu za shaba, waya mzima unaburutwa (na kama waya umefungwa kwenye ekseli, kama kwenye gurudumu hili, sumaku ndo zinasukumwa upande wa pili, hesabu ni ile ile). Waya ukianza kutembea, sumaku inaanza kuzipinga elektroni mbele ya safari yao, mkondo unataka kupungua, betri inabidi isukume zaidi ili usipungue. Kwa hiyo sumaku haijatoa senti. Imechukua kwa betri imepeleka kwenye tairi, kama dalali.

"Kama dalali," akarudia. "Ila dalali anakula cha juu."

"Huyu hali."

"Basi siyo wa hapa Moshi."

Mkono wa resi ukafunguka. Ndani kuna kisumaku kimepinda kama ukucha, unazungusha mkono kinasogea mbele ya kidude cha Hall, volti inapanda kutoka chini ya moja mpaka karibu na nne, kontrola inajua unataka mwendo gani. Hakuna waya unaovutwa, hakuna kinachogusana na kingine. Ukucha ulikuwa umebanduka gundi, unaelea ovyo. Mjomba akauchomoa akauweka pembeni kwenye kifuniko cha Kiwi, akawaza kidogo, afu akavuta droo ya chini ambayo haijafunguliwa siku nyingi ikabidi aipige na goti. Akatoa ile sumaku ya spika. Duara nyeusi, imemeguka upande, imejaa vichenga vya mchanga mweusi wa mvua.

Akaisogeza polepole kwenye kile kidude cha miguu mitatu. Kimya. Akaigeuza upande wa pili, akasogeza tena, na tairi la nyuma likaanza kuzunguka hewani, kwanza pole, afu wrrrrr, akirudisha mkono linapungua, akisogeza linaongezeka, binamu mdomo wazi, wamama wa nyanya wamesimama, na mzee wa miaka sabini anacheka mwenyewe kama mwehu.

Nikanyoosha mkono na mi nijaribu. Akaiona, akainua ule mkono mwingine kuelekea kisogoni kwangu, na nikainama kabla haujafika.